Bahari Isiyo na Watu Si Bahari Yetu

Juma lililopita nilikwenda Kikuyu, hapa Dodoma, kumtembelea mchoraji mmoja anayetayarisha maonyesho ya picha zake. Anaishi katika nyumba ya kupanga, chumba na ukumbi, na ukumbi huo ndio karakana yake. Asubuhi hufundisha shule ya msingi. Jioni na siku za mapumziko huchora. Nilipoingia nilikuta picha zimeegemezwa ukutani kuzunguka chumba kizima, na nyingine zimelazwa juu ya meza ili zikauke. Zilikuwa zaidi ya ishirini: michoro ya penseli, michoro ya wino, na picha za rangi. Zote zilikuwa za bahari.

Msomaji anayeijua Dodoma ya mwezi wa Oktoba ataelewa mshangao wangu. Nje upepo ulikuwa ukirusha vumbi jekundu hata mtu asiweze kufumbua macho, na kijana mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni wa madumu ya maji akitafuta wanunuzi. Ndani ya chumba kile palikuwa na maji kila upande.

Sitalitaja jina la ndugu huyu. Mwenyewe hakuniomba nimtangaze, na jambo ninalotaka kulieleza halimhusu yeye peke yake. Alizaliwa Bahi, magharibi ya hapa, katika nyumba ya wafugaji. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa mtu mzima, alipokwenda Bagamoyo kwa mafunzo ya muda mfupi. Aliniambia kwamba kilichomshangaza siku ile hakikuwa ukubwa wa maji. Kilichomshangaza ni kuwa maji yaliondoka, na baada ya saa sita yakarudi. “Kwetu,” alisema, “mto ukiondoka tunakaa miezi minane tukiungoja.” Alikaa ufukweni mpaka akakosa chakula cha jioni, akichora katika daftari la shule lenye mistari. Tangu hapo kila likizo, akipata nauli, hurudi pwani na madaftari yake.

Maonyesho hayo anatarajia kuyafanya katika ukumbi wa kuazima kabla ya mwisho wa mwaka. Lakini kuna jambo limemkwaza. Amefikiwa na mnunuzi, mtu anayemalizia kujenga nyumba ya kulala wageni hapa mjini. Mnunuzi huyo amezipenda picha sita, na bei aliyotaja ingetosha kulipia fremu za picha zote za maonyesho na kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Ameweka sharti moja tu: watu waondolewe.

Katika picha moja wapo wanawake watano wa Mlingotini, karibu na Bagamoyo, wamefunga kanga viunoni, wameinama katika maji yanayofika magotini, wakifunga mwani kwenye kamba. Katika nyingine mvuvi mzee ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anashona wavu, na kidole chake kimoja cha mguu kimeuvuta uzi. Mnunuzi anataka pale penye wanawake pawe na maji matupu na machweo ya jua, na pale penye mzee pawe na minazi miwili. Alitoa sababu yake waziwazi, wala hakuwa na ubaya moyoni: wageni hawaji kutazama watu wakifanya kazi, wanataka kupumzisha macho.

“Ndugu mwandishi,” mchoraji aliniuliza, “wewe ungefanyaje?”

Sikumjibu papo hapo. Makala haya ndiyo jibu langu, nami nalitoa hadharani kwa sababu swali lenyewe linatuhusu sote tunaokula mshahara wa umma katika mji huu.

MTU WA BARA NA BAHARI

Kwanza hapana budi tuondoe pingamizi moja ambalo ndugu huyu hulisikia kila siku kutoka kwa majirani na hata kwa walimu wenzake. Wanamwambia: wewe Mgogo, bahari unaitakia nini? Chora ng’ombe, chora mibuyu, chora zabibu. Wanasema hivyo kwa nia njema, wakidhani wanatetea utamaduni wa mahali. Lakini fikra hiyo haina msingi. Inamfunga mchoraji kamba mguuni, na urefu wa kamba unapimwa kwa kile kinachoonekana dirishani kwake.

Tumtazame marehemu Sam Ntiro, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa nchi hii waliopata elimu ya juu ya sanaa. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere chini ya Bibi Margaret Trowell, kisha akaenda katika shule ya sanaa ya Slade mjini London. Nchi ilipopata Uhuru alitumwa kuwa mwakilishi wetu Uingereza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Kampala, London na Dar es Salaam, mbali na migomba ya kwao. Hata hivyo picha zake ziliendelea kujaa vijiji vya Uchagga: watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda arusini. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilinunua picha yake inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mtu aliyetoka mlimani aliuchora mlima kwa kumbukumbu. Kwa nini mtu aliyetoka Bahi asiichore bahari kwa kumbukumbu?

Au tumtazame Ivan Aivazovsky, aliyezaliwa mwaka 1817 katika mji wa bandari wa Feodosia, Crimea. Anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa bahari waliopata kuishi duniani, na picha zake zinakisiwa kuwa 6,000. Huyu aliishi ufukweni kabisa, lakini picha zake kubwa alizichorea ndani. Alishika kwamba wimbi halikai likamngoja mchoraji. Ni lazima kulitazama kwa makini, kulihifadhi kichwani, kisha kulichora mbali nalo. Basi ikiwa hata aliyelala akisikia mawimbi alitegemea kumbukumbu, umbali wa kilometa 450 kutoka Kikuyu hadi pwani si kosa. Kosa ni kuchora bila kutazama.

Zaidi ya hayo, si kweli kwamba Dodoma haina habari na bahari. Misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, na hapa watemi waliwatoza wasafiri hongo kwa kupita na kwa maji ya visima. Nguo, shanga na nyaya zilizotoka ng’ambo ya bahari zilibaki katika boma za Wagogo. Pembe za ndovu, na kwa msiba mkubwa watu pia, zikateremka kwenda pwani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, ilifuata sehemu kubwa ya njia hiyo hiyo. Mwaka 1973 taifa likaamua makao makuu yahamie hapa; mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa vitendo; na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kabla chakula cha mchana hakijapoa. Watumishi wengi wanaokaa Ilazo na Area D wamekuja na mizigo yao kutoka pwani.

Na mvua je? Dodoma hupata kwa wastani mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, nayo huanguka kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Sehemu kubwa ya unyevu unaoileta huinuka kutoka Bahari ya Hindi. Watabiri wa hali ya hewa, kabla ya kumwambia mkulima wa Chamwino apande mtama lini, huangalia kwanza joto la maji ya bahari. Mwaka 1997 bahari ilipopata joto kupita kiasi, mvua za El Niño zilitufikia hata huku. Mwanafunzi wa Kikuyu ambaye hajaiona bahari amekwisha kuinywa. Basi picha ya bahari katika ukuta wa Dodoma si kitu kigeni kilichopotea njia.

NANI ALIWAONDOA WATU?

Sasa tuje kwenye kiini. Ikiwa mtu wa bara anayo haki ya kuchora bahari, je, achore bahari ipi?

Iko bahari moja ambayo kila mtu anaijua. Ni samawati tupu. Jua linazama, jahazi moja limesimama katikati, na mnazi umeinama upande wa kulia. Picha hiyo inauzwa katika kila mji wenye watalii kuanzia Lamu hadi Kilwa, nayo imechorwa mara nyingi mno hata wachoraji huichora bila kufikiri. Nimepata kuona moja ambayo tanga la jahazi limejaa upepo wa kutoka kushoto, na minazi ya ufukweni imelalia upande huo huo wa kushoto, kana kwamba pepo mbili zimekutana pale na hazijasalimiana. Baharia yeyote angecheka. Lakini picha ile haikuchorwa kwa ajili ya baharia.

Sisemi haya kuwalaumu wachoraji. Tangu marehemu Eduardo Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alipouza picha zake karibu na Morogoro Stores huko Oyster Bay, wachoraji wetu wengi wamemtegemea mnunuzi kutoka nje. Tingatinga alianza na alichokuwa nacho: vibao vya mraba na rangi za mafuta za dukani. Wanyama wake walikuwa na uhai wa ajabu kwa sababu aliwachora kwa namna yake mwenyewe. Wengi waliofuata walitazama zaidi kile kilichonunuliwa jana. Mtu mwenye watoto hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini matokeo yake tuyakiri: mgeni huja na picha ya bahari yetu kichwani mwake, tunamchorea picha hiyo hiyo, anaondoka nayo akiamini kwamba ameiona nchi. Hakuna aliyejifunza kitu.

Katika bahari hiyo ya kuuza, watu hawamo. Wakiwamo, ni kivuli cheusi kimoja mbele ya jua. Msomaji ajiulize kwa nini. Pwani ya Tanzania ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,400, na juu yake maelfu kwa maelfu ya wananchi hupata riziki. Maji yakipwa wakati wa bamvua, ufuko wote hugeuka shamba: wanawake na vijiti wakitafuta pweza katika mashimo ya matumbawe, watoto wakiokota chaza, wakulima wa mwani wakikagua kamba zao kabla maji hayajarudi. Kilimo hicho cha mwani kilipoanza kwa biashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi walioingia walikuwa wanawake, na hadi leo ndio walio wengi. Usiku, taa za wavuvi wa dagaa huifanya bahari ionekane kama mji. Kusi likivuma kwa nguvu ngalawa hazitoki, na nyumba nyingi hulala na chakula kidogo. Kaskazi likiingia, majahazi hubadili njia. Mikoko hukatwa kwa boriti, na panapobaki vishina matope huanza kumomonyoka. Kwa miaka mingi baruti zililipuliwa chini ya maji, samaki wakaelea pamoja na matumbawe yaliyovunjika, na wapo wavuvi waliopoteza viganja vyao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi.

Hiyo ndiyo bahari. Ina uzuri, na uzuri huo haupungui kwa kuwa ndani yake kuna kazi na msiba.

Wakubwa wa sanaa duniani walilifahamu jambo hili. Wimbi la Hokusai, Mjapani aliyelichora yapata mwaka 1831 akiwa na umri uliopita miaka sabini, linajulikana kila mahali; limechapwa hata kwenye fulana. Wengi wanaolivaa hawajaona kwamba chini ya wimbi lile zipo mashua tatu zenye wapiga makasia walioinama wakishikilia maisha yao. Ukiwaondoa, wimbi linabaki pambo. Picha ya Aivazovsky ya mwaka 1850, iitwayo Wimbi la Tisa, inaonyesha watu wachache waliookoka wameng’ang’ania mlingoti uliovunjika. Naye Turner, Mwingereza, mwaka 1840 alichora machweo mekundu ya kutisha juu ya bahari. Ukisogea karibu unaona minyororo na viungo vya watumwa waliotupwa majini na nahodha wao. Machweo yale yale ambayo sisi tunayatumia kupumzisha macho, Turner aliyatumia kuamsha dhamiri.

Wala hatuna haja ya kwenda Japani wala Uingereza. Kaskazini ya hapa, Kolo wilayani Kondoa, juu ya mapango ya miamba, watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu wanyama waliowawinda, nao wenyewe wakajichora humo humo: wengine wamesimama, wengine wanacheza ngoma, wengine wameshika pinde. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Walioichora hawakuwa na mnunuzi wa kuwaambia kwamba watu wanaharibu mandhari. Mkoa huu, basi, una desturi kongwe ya kumtia binadamu ndani ya picha. Mwalimu wa Kikuyu anaiendeleza, pengine bila kujua.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Sidai kwamba kila picha ya bahari lazima iwe na mvuvi, kama fomu ya ofisini inayodai mhuri. Mchoraji akiamua mwenyewe kuchora maji matupu, kwa sababu ni upweke wa maji uliomgusa, hiyo ni haki yake, na picha yake inaweza kuwa ya kweli kuliko nyingine yenye umati. Ndugu huyu mwenyewe anayo moja ya namna hiyo: bahari ya alfajiri wakati wa maji mafu, kijivu juu na kijivu chini, na mstari mwembamba kati yao. Ni nzuri mno. Mnunuzi hakuitaka hiyo pia. Alisema haina rangi.

Ubaya ninaousema mimi ni kumfuta mtu aliyekwisha kuwapo, kwa kuwa anamkera mwenye fedha. Jambo hilo halianzi na halikomi katika picha. Leo tunakubali kwamba mama wa mwani anaharibu mandhari juu ya ukuta. Kesho tutaanza kumwuliza anafanya nini ufukweni, na kesho kutwa tutamtilia uzio. Jicho lililozoezwa kutomwona mtu katika picha halitasumbuka atakapokosekana mahali pake.

NA SISI TUNA LAWAMA

Lakini ni rahisi kwa mwenye mshahara kumhubiria mchoraji ushujaa. Mchoraji naye hula. Kopo moja la rangi nzuri linamgharimu fedha ambazo angenunulia debe la mahindi, na brashi za kufaa huagiza Dar es Salaam. Ikiwa nitamwambia akatae fedha za mnunuzi, kisha nirudi nyumbani nikanywe chai, basi maneno yangu ni kelele. Kwa hiyo swali la pili ni lazima lituelekee sisi.

Nitaanza na nafsi yangu. Ukutani katika sebule yangu ipo picha ya mlima wenye theluji wa Ulaya, na nyumba ya mbao kando ya ziwa. Ilikuwa sehemu ya kalenda. Miezi ilikwisha kukatwa miaka sita iliyopita, picha ikabaki. Sijawahi kufika huko, simjui mtu wa huko, na sikumbuki niliipataje. Hata hivyo kila mgeni anayeingia kwangu hukaa akiitazama. Mwezi huu huu niliingia katika ofisi moja ya umma hapa mjini kwa shughuli zangu, nikakuta, mbali na picha za viongozi, maua ya plastiki na maporomoko ya maji ya nchi ambayo hata mwenye ofisi hakuweza kuitaja. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka sebule yangu.

Hii ni kasumba, na si ya wakoloni tena, tumeitunza wenyewe. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri kwa mara ya kwanza, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa kuwa aliona kwamba nchi iliyofundishwa kuvidharau vitu vyake haijawa huru kamili. Baada ya hapo vyombo viliundwa: Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Hayo ni mema. Lakini chuo hakiwezi kuninunulia picha ya sebuleni, wala baraza haliwezi kunishika mkono linipeleke kwenye maonyesho.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Uganda walifungua Nommo Gallery mjini Kampala mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya Uhuru wao, ili picha za wachoraji ziwe na nyumba. Ufaransa, tangu mwaka 1951, shule mpya ikijengwa asilimia moja ya gharama hutengwa kwa kazi ya msanii, na baadaye utaratibu huo ukaenea katika majengo mengine ya umma. Naye Aivazovsky, niliyemtaja hapo juu, alifungua jumba la picha katika mji wake mdogo mwaka 1880 na kuliachia mji kwa wosia. Mji huo ulikuwa na kiu kama Dodoma yetu. Katika miaka yake ya uzee aliwapa wenyeji maji ya chemchemi iliyokuwa katika shamba lake. Mchoraji yule yule aliyewapa picha za bahari aliwapa na maji ya kunywa, na hakuna aliyesema kwamba kimoja ni cha lazima na kingine ni anasa.

Sisi tunajenga mji mkuu mzima. Mtumba panainuka majengo ya wizara moja baada ya nyingine, yenye kumbi, ngazi na korido ndefu. Kuta hizo zote zitavikwa kitu. Swali ni kama zitavikwa kazi ya mikono ya wananchi au vioo na maua ya plastiki. Makatibu wakuu na wakurugenzi wanaoidhinisha samani wanaweza, katika kila jengo, kutenga sehemu ndogo ya fedha hizo kwa picha na vinyago vya watu wetu. Kiti kinachozunguka kitachakaa kwa miaka mitano. Picha ya mama wa Mlingotini itakuwapo wakati mjukuu wa mkurugenzi atakapokuja kuomba kazi.

Kwa walimu nina neno la pekee, maana mchoraji huyu ni mwenzenu. Somo la kuchora katika shule zetu nyingi limekuwa kipindi cha kupumzikia, au cha kufidia hesabu kabla ya mtihani. Na ndiyo maana mtoto humaliza darasa la saba akijua kuchora nyumba moja tu: yenye paa la pembetatu, bomba la moshi, na jua linalocheka pembeni. Hajawahi kuiona nyumba hiyo maishani mwake. Ya kwao ni tembe. Wapelekeni watoto kwenye maonyesho haya. Waacheni wasimame mbele ya bahari ya mtu wa Bahi, wamwulize maji huenda wapi yakipwa. Kisha warudi darasani wachore kisima cha kwao, na wote wanaochota maji pale.

JIBU LANGU

Kwa ndugu yangu wa Kikuyu, basi, jibu langu ni hili: usiwaondoe. Umetembea mpaka pwani kwa nauli yako, umekaa juani ukamtazama mzee yule mpaka ukaona jinsi kidole chake kinavyovuta uzi. Hilo huwezi kulirudisha chini ya rangi ya minazi na bado ukalala vizuri. Mweleze mnunuzi wako kwa heshima. Mwalike aje siku ya maonyesho, asimame mbele ya picha pamoja na watu wengine, asikie wanavyosema. Huenda wageni wake wana macho kuliko anavyodhani. Akikataa, mwache aende, wala usimchukie.

Lakini sikumpelekea maneno matupu. Juzi nilirudi Kikuyu nikamlipa nusu ya bei ya mchoro wa wino wa mzee na wavu wake. Nusu nyingine nitalipa mwisho wa mwezi, kama sisi sote tunavyolipa. Ule mlima wa theluji nimeushusha. Msumari bado upo ukutani unangoja.

Wafanyakazi kumi wa ofisi moja, kila mmoja akitoa kiasi anachotumia kwa vitafunio vya juma moja, wanaweza kuinunua picha ya wanawake wa mwani na kuitundika mahali ambapo kila mwananchi anayekuja kuulizia faili lake ataiona. Walimu wa shule moja wanaweza kununua bahari ya alfajiri, ile aliyoambiwa haina rangi. Zikipatikana ofisi tano na shule moja, zile picha sita zitakuwa zimekwisha, na watu wote watakuwa wamo.